Kuku wa Chini ya Tenga

Senge Nafula alikuja kunitembelea hapa Kabuchai mwezi uliopita bila kutoa habari, na jambo la kwanza nililofanya baada ya kumkaribisha ni kukasirika. Senge ni shangazi yangu, dada ya baba, na sasa ni bibi kizee wa kutembea na fimbo. Sikumkasirikia yeye hasa. Nilikasirika kwa sababu aliposhuka tu kwenye bodaboda, fimbo mkono mmoja na mfuko wa ndizi mkono wa pili, miguu yangu ilijua yenyewe pa kwenda: nyuma ya jikoni, kwa kuku. Nimepita miaka hamsini, nina wajukuu, watu huniita mama hata pale nisipotaka kuitwa mama, lakini mgeni akiingia uani mwangu bado namsikia Anko Wanyama, mume wa Senge, akiniita kutoka sebuleni kule Kibomet: "Nekesa! Wageni wamefika!" Hakuwahi kusema kamata kuku. Maneno hayo hayakuhitajika. Kwetu mgeni akifika huchinjiwa kuku, na ukimpa kitu kingine, hata kama ni kilo tatu za nyama ya ng'ombe, atarudi kwao aseme alipewa mboga. Anko Wanyama sasa ni marehemu, Mungu amlaze pema, lakini sauti yake haijafa. Nilimwacha Senge kwenye kiti akipepea shingo kwa leso, nikazunguka nyuma ya nyumba.

Kule nyuma nilikuta kuku wote wameingia kwenye miwa. Hapa shamba la miwa linaanza mahali ua unapoishia, na kuku akishaingia humo mchana hutamwona mpaka njaa imrudishe. Aliyebaki karibu alikuwa mmoja tu, mweusi, mwenye doa jeupe sikioni, amefunikwa kwa tenga pamoja na vifaranga wake ambao hata wiki hawakuwa wamemaliza. Nilikuwa nimemfunika mwenyewe asubuhi kwa sababu ya mwewe. Nikasimama namtazama kupitia matundu ya tenga naye akinitazama kwa jicho moja, kama kuku wanavyotazama, na vifaranga wakilia ciu ciu ciu chini ya mbawa zake. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "La. Si tena." Na hapo mwaka wote wa Kibomet ukanirudia mzimamzima, pamoja na harufu yake.

Ulikuwa mwaka uliofuata baada ya kumaliza kidato cha nne. Kideri, ule ugonjwa wa kuku, ilikuwa imepita Kabuchai na kufagia kuku wa kila boma. Asubuhi ungewakuta wamelala na shingo zimepinda, na watu walichimba mashimo nyuma ya nyumba wakawafukia kimyakimya. Kwa mama alibaki mmoja. Naye alikuwa mweusi mwenye doa jeupe sikioni, kama huyu wa leo, wa ukoo wa kuku ambao mama aliletewa na mama yake alipoolewa, na ambao aliwapenda kuliko alivyokuwa tayari kukubali. Akaamua kumtoa kijijini kabla ugonjwa haujamkumbuka. Mimi nilikuwa naenda kukaa kwa Senge kule Kibomet, mjini Kitale, nikisubiri matokeo ya mtihani, basi akanifungia kuku ndani ya kikapu, akamwachia kichwa nje. "Huyu si mboga," akaniambia. "Huyu ni mbegu. Mwaka ukiisha uniletee watoto wake. Hata yeye asiporudi, watoto warudi." Nikasema sawa, mama. Nilikuwa mtoto wa shule na sawa ilikuwa rahisi kutamka. Sikujua ninaipeleka mbegu kwenye nyumba iliyosifika kwa ukarimu kuliko nyumba zote za Kibomet.

Nyumba yenyewe naiona hata sasa nikifumba macho. Sebule ilikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa vyeupe vya kufumwa mgongoni, kila kimoja na ua lake la waridi, na kabati la vioo lenye vikombe ambavyo sisi wa nyumbani tuliviosha tu, hatukuvinywea. Redio ilikaa juu ya kabati, imevishwa kitambaa chake. Chumba cha wageni kilikuwa na kitanda kikubwa kuliko cha wenye nyumba. Halafu unatoka nje, unavuka ua hatua chache, unaingia jikoni: kuta za udongo, mafiga matatu, moshi, na pembeni benchi la udongo lenye uwazi chini yake ambamo kuku walilala. Nami nililala humo jikoni kila chumba cha wageni kilipojaa, yaani karibu kila wiki, nikisikiliza kuku wakisukumana gizani. Ukuta wa jikoni ulikuwa karibu sana na dirisha la sebule. Kila lililosemwa huko nililisikia, hata nisilotaka.

Wageni walitoka Bungoma. Waliokuja hospitali, waliokuja kununua mbegu za mahindi, waliokuja kutafuta kazi kwenye mashamba, na waliokuja tu. Anko alikuwa karani mjini na alipenda sana kusikia kwamba mtu wa kwao hawezi kulala njaa Kitale Wanyama akiwa hai. Alilisema neno hilo mwenyewe, wageni wakalirudia, naye akacheka kama aliyelisikia mara ya kwanza. "Ati nimekuja mjini nikale chapati hotelini, na wewe uko?" mgeni angesema. "Si watu watanicheka, bana!" Anko angejibu. Kisha sauti ingevuka dirisha: "Nekesa! Wageni wamefika!" Nami jikoni ningeshika kichwa.

Yule kuku nilimwita Mweusi. Jina la hovyo, najua, lakini sikuwa na wakati wa kutafuta la maana. Alitaga kwenye karai bovu nililoliwekea maganda ya mahindi chini ya benchi, akalalia, na vifaranga wake wa kwanza walitoka siku ya mvua. Nilikuwa nimeinama kuwasha moto nikasikia sauti ndogo ndani ya yai, nikapiga magoti pale kwenye majivu kusikiliza. Walipokauka walikuwa kama pamba iliyokanyagwa na watoto, weusi na wa kahawia, na mmoja wa manjano kabisa sijui rangi hiyo katoa wapi. Niliwapondea mahindi. Niliwachimbulia mchwa. Na kwa vile Kibomet ilikuwa na mwewe wasio na haya, nikafanya kama watu wa huko wanavyofanya: nikachukua dawa ya zambarau ya kupaka vidonda nikawapaka wote mgongoni, ili mwewe akitazama kutoka juu asielewe ni mnyama gani. Anko alipowaona wakipita uani kwa mstari alisimama, akavua miwani, akavaa tena. "Nekesa, hawa ni kuku ama ni kwaya?" Jirani yetu, Mama Salim, aliyekaa karibu na msikiti na kuuza mahamri asubuhi, alicheka mpaka akashika ua. Yeye pia alikuwa mfugaji. Lakini kuku wake walizeeka, na nilimwonea wivu kwa hilo.

Walikua. Hapo ndipo taabu ilipoanzia, kwa maana kifaranga hampi mtu njaa lakini jogoo mdogo humwona mgeni kabla hata hajajifunza kuwika. Wakaanza kwenda mmoja mmoja. Wa kwanza alimwendea kasisi. Wa pili na wa tatu wakawaendea ndugu wawili waliokuja na mtu wao hospitali, na hao sikuwalaumu, watu walikuwa na huzuni. Wa nne alimwendea jamaa aliyesema amepita tu kusalimu, akakaa siku kadhaa akisalimu. Majogoo walipokwisha nikafikiri basi tumemaliza, kumbe ndio kwanza tumeanza, zamu ikaingia ya mitetea. Nilimfuata Senge jikoni. Alikuwa mwanamke mrefu, mtu wa mjini kabisa machoni pangu, mwenye viatu vya visigino vya kanisani na nywele za kuchoma, na alipokuwa akipika alifunga leso kichwani kwa hasira fulani. Nikamwambia, "Senge, hawa ni wa mama. Mitetea ndiyo mbegu."

"Na mgeni ni wa nani?" akaniuliza bila kugeuka.

"Wa Anko."

"Basi nenda umwambie Anko." Akachochea moto. "Enda. Si uko na mdomo?"

Sikwenda. Nani angekwenda? Nilirudi kunyonyoa. Nilinyonyoa kuku mwaka ule hadi vidole vikabaki na harufu ya manyoya mabichi hata siku za Jumapili. Na kila mara, mchuzi ulipokaribia kuiva, Senge aliniita na kunipa mwiko. "Onja chumvi." Nilionja. "Iko sawa?" Iko sawa. Kisha alipakua: firigisi juu ya sahani ya mgeni mkubwa, maana firigisi ni ya mwanamume na mwanamume mwenyewe awe wa heshima, paja kwa Anko, mengine kwa mpangilio alioujua yeye. Mimi nilipewa bawa, nikala nikiwa nimegeukia ukuta. Yeye alikula mwisho, peke yake, mimi nikiwa nimeenda kutandika vitanda na kunawisha watu mikono. Nikirudi nilikuta sufuria imekwisha, naye anasugua masizi. Moyoni nilisema, haya, huyu naye hatetei kuku kwa sababu mgongo na shingo zinamngoja chini ya sufuria. Nililisema hilo moyoni mwaka mzima na likanisaidia kumchukia.

Kitu kimoja tu nilikipigania nikakipata. Nilichana kipande cha nguo nyekundu, nikamfunga Mweusi mguuni, kisha nikaingia sebuleni siku ambayo hakukuwa na mgeni, jambo ambalo lilikuwa muujiza peke yake, nikasema mbele ya wote wawili: "Huyu mwenye kitambaa hachinjwi. Ni wa mama yangu." Anko alikuwa akisikiliza habari. Akainua mkono kama mtu anayefukuza nzi. "Haya, haya. Mwenye kitambaa hachinjwi. Si umesikia, Mama?" Senge akasema amesikia. Nikatoka nimeinua kichwa kama mtu aliyeshinda kesi. Mweusi akataga tena, akalalia tena. Watoto wake wa mwanzo walipomalizika, wote, hata yule wa manjano, sikulia. Nilijikaza kisabuni nikasema bado mama yao yuko, na mayai yako chini yake.

Wale wa pili walianguliwa mvua zikiwa zimepungua. Wakati huo nilikuwa nimejifunza. Sikungoja mwewe. Nilinunua tenga kubwa sokoni, la kusafirishia kuku, nikaligeuza na kumfunika Mweusi pamoja na watoto wake pale uani kwenye jua, nikaweka jiwe juu. Kuku wengine wa Senge, wachache waliokuwa wamebaki, walizurura kwenye mahindi ya jirani. Asubuhi moja nikatumwa kusaga unga. Foleni ilikuwa ndefu, mashine ikakwama, tukakaa kwenye magunia tukipiga soga. Niliporudi, gunia kichwani, nilikuta tenga limesimama wima kando ya ukuta. Vifaranga walikuwa wamerundikana kwenye kivuli chake, wanalia kwa pamoja. Karai la maji ya moto lilikuwa mlangoni pa jikoni. Ndani yake manyoya meusi. Na kwenye msumari wa mlango, pale tulipotundika kichujio cha chai, mtu alikuwa ametundika kitambaa chekundu, kwa adabu kabisa, kisipotee.

Senge alikuwa ameinama juu ya sufuria. Hakunitazama. "Mkwe amekuja kutoka Ndalu," akasema. Mkwe huyo alikuwa baba wa kijana aliyemwoa binti yao mkubwa, na hakuwa amewahi kukanyaga nyumba ile. Kumpa mkwe nyama ya bucha ni sawa na kumtemea mate. Nilijua hilo. Kila mtu alijua hilo. Nikasema, "Kulikuwa na wengine."

"Wako kwa mahindi. Tumewakimbiza mimi na Anko yako mpaka akaanguka na suti. Hatukupata hata mmoja." Akafuta jasho kwa kiwiko. "Huyu ndiye alikuwa hapa."

Huyu ndiye alikuwa hapa. Nimelirudia neno hilo miaka yote hii na bado linanichoma. Alikuwa hapo kwa sababu nilimweka hapo. Ningemwacha azurure kama kuku wa mtu asiyejali, angekuwa kwenye mahindi na wenzake, angeishi. Tenga nililomnunulia ili mwewe asimpate ndilo lililomkabidhi kwa watu. Niliweka gunia chini. Nilitaka kupiga kelele lakini mkwe alikuwa sebuleni na mtu hapigi kelele mkwe akiwa sebuleni. Senge akaninyooshea mwiko. "Onja chumvi." Nikakataa. Ndiyo mara pekee niliyokataa. Akabaki ameushika ule mwiko, mchuzi ukidondoka kwenye majivu, akautazama, akaurudisha ndani ya sufuria bila kuonja na akapakua hivyo hivyo. Na mimi nikiwa nimeinama uani nakusanya vifaranga ndani ya sketi yangu, nikasikia kupitia dirishani, baada ya sala na kunawa na mlio wa sahani, sauti nzito ya mkwe wa Ndalu.

"Nimekura vizuri, mkwe. Nimekura." Akatafuna. "Isipokuwa hii firigisi imekuwa ngumu kidogo. Huyu kuku alikuwa mzee, ama?"

"Ah, hawa wa mjini," Anko akasema, na wakacheka wote.

Nikalea yatima. Sijui kama kuna aliyewahi kulea vifaranga wasio na mama asione wazimu. Niliwaweka ndani ya katoni ya sabuni kando ya mafiga, nikajaza chupa maji ya moto nikaivika soksi, nikaiweka katikati yao waegemee. Maji yakipoa, wanalia. Ukibadilisha, wanalia. Ukiondoka, wanalia zaidi, na ukirudi wanakurukia vidoleni wakidhani ni mbawa. Walikufa kwa ujinga: mmoja alizama kwenye kifuniko cha maji ya kunywa, wengine walilaliana, mwingine sikuona sababu, nilimkuta tu amenyooka kama aliyechoka. Kila asubuhi nilitoa mmoja nikamfukia karibu na migomba, nikitukana kwa Kibukusu maneno ambayo shuleni yangenifukuzisha. Senge alipita siku moja akaangusha sweta yake ya kijani juu ya katoni, ile aliyokuwa akivaa kanisani msimu wa baridi, akaendelea na safari yake ya kisimani. Sikumshukuru. Nilifikiri anajiosha hatia. Wakabaki watatu.

Hao watatu walikua wakinifuata mimi. Nikienda chooni wananingoja mlangoni. Walipoanza kuota manyoya ya kweli nikaona doa jeupe sikioni, kwa wote, nikajua mbegu ingali hai: mitetea wawili na jogoo mmoja. Basi nikafanya ujanja. Nikawachukua nikawapeleka kwa Mama Salim. Alinisikiliza akikanda unga, akatikisa kichwa. "Maskini kuku wako," akasema. "Bahati yao mbaya ni kuzaliwa kwa watu wakarimu. Waweke huko nyuma na wangu. Na mwenye kuuliza, mimi sijui kitu."

Krismasi ilipokaribia wakaja wageni kama kawaida, wanaume watatu, na sauti ikavuka dirisha: "Nekesa! Wageni wamefika!" Nikakaa kwenye kigoda. Senge akatoka, akazunguka ua, akatazama chini ya benchi, akaita kru kru kru. Hakuna. Kuku wake mwenyewe walikuwa wamekwisha wiki zile. Alisimama katikati ya ua muda mrefu, uso wake umeelekea nyumba ya Mama Salim, na nikaona waziwazi kwamba anajua. Mtu hawezi kuficha kuku anayewika. Kisha akaingia jikoni, akatoa noti kwenye ncha ya leso, akanipa. "Kimbia bucha," akasema.

Siku hiyo nilisikia kupitia dirisha jambo ambalo nyumba ile haikuwa imelisikia. Mgeni mmoja aliinua kifuniko cha bakuli akasema, kwa utani ambao haukuwa utani, "Kumbe Kibomet siku hizi ni mboga tu." Anko akamwita Senge, akamuuliza mbele yao kuku wako wapi. "Wameisha," Senge akajibu. Wameisha vipi? "Wameisha tu, Baba. Kuku huisha." Akafokewa pale pale amesimama na sinia, mwanamke mzima mwenye wajukuu, akaambiwa ameiaibisha nyumba. Alirudi jikoni akaweka sinia chini taratibu. "Kesho asubuhi uende kwa mama yako," akaniambia. "Chukua vitu vyako. Vyote." Akalirudia hilo la mwisho akinitazama machoni: "Vyote, umenisikia?" Nikasema ndiyo. Bado nilikuwa na hasira ya Mweusi, na kitambaa chekundu kilikuwa mfukoni mwangu, kwa hiyo nikasema ndiyo tu.

Nikafika Kabuchai na watatu wangu ndani ya tenga lile lile. Mama akawatoa mmoja mmoja, akawageuza masikio, akacheka peke yake. Kisha akauliza, "Na mama yao?"

"Aliliwa."

"Na nani?"

"Mkwe wa Senge. Wa Ndalu." Nikangoja. Nilikuwa nimeingoja hasira ya mama njia nzima, nilitaka mtu mmoja tu duniani akasirike pamoja nami.

"Ah, mkwe," mama akasema, uso umetulia. "Basi alikwenda vizuri." Na jioni ile ile, kwa kuwa nilikuwa nimetoka mbali na nimekaa mwaka mzima nje, akasema mimi ni mgeni. Akamwita jirani, wakamchinja jogoo wangu. Jogoo aliyekuwa akiningoja mlangoni pa choo! Nilipiga kelele, safari hii nilipiga, na mama akashangaa kweli, akaniuliza kama mjini nimefundishwa kukataa heshima. Akaniwekea sahani. Yeye mwenyewe hakugusa, maana wanawake wa rika lake hawakula kuku maisha yao yote. Walifuga, walinyonyoa, walipika, wakala mboga za mrenda. Alikaa kando akinitazama nikila na nikilia, akiniambia niongeze ugali.

Mitetea wawili walibaki, na jogoo wa jirani akafanya yaliyobaki. Ndio hao ninao mpaka leo. Ndio huyu aliyekuwa akinitazama kupitia tenga mwezi uliopita, Senge akingoja kitini.

Sikuliinua tenga. Niliingia kwenye miwa. Nilipotea humo kwa muda mrefu hata mume wangu akafikiri nimekimbia nyumba, majani yakinikata mikono, kiatu kimoja kikabaki matopeni, nikawakimbiza kuku wangu mwenyewe nikiwatusi, mpaka nikamshika mguu jogoo mmoja mwekundu asiye na ukoo wowote. Nilitoka nimechafuka kama mwizi. Senge alinikuta uani nikimpa mume wangu kisu, akatazama jogoo, akatazama tenga pale lilipo na jiwe lake juu. Alikataa kubaki sebuleni, akaja kukaa jikoni kwenye kigoda, karibu na moto, kama zamani isipokuwa sasa mwiko niko nao mimi.

Mchuzi ulipokaribia kuiva nikamnyooshea mwiko. "Senge, onja chumvi."

Akarudisha kichwa nyuma. "Onja wewe."

"Mimi nimeonja mwaka mzima kwako. Leo zamu yako."

"Mimi sijui ladha yake," akasema.

Nikafikiri ni uzee. "Ladha ya nini?"

"Ya kuku, Nekesa. Mimi sijawahi kukula kuku." Alisema kama mtu anayetaja jina la kijiji chao. "Si nilikatazwa nikiwa msichana? Nikaolewa, nikaambiwa mke wa Wanyama hali kuku. Hata mchuzi. Unafikiri nilikuwa nakuonjesha chumvi ya nini?"

"Na ile uliyobaki nayo kwa sufuria? Mgongo? Shingo?"

"Nilikuwa nampelekea mlinzi wa ile shule ya jirani. Mimi nilikuwa nakula mrenda."

Nilidhani hasira yangu ya mwaka ule nimeitumia yote, lakini ilikuwapo nyingine, mpya kabisa, na haikujua pa kwenda, kwa sababu Anko amelala kaburini, mkwe wa Ndalu amelala kaburini, na mama yangu pia. Kuku wote wale. Kwaya nzima ya zambarau. Mwanamke huyu alifokewa mbele ya wanaume kwa ajili ya nyama ambayo hakujua ina ladha gani, na mimi nikamchukia kwa shingo na mgongo. Nikachukua sahani. Nikatafuta ndani ya sufuria mpaka nikaipata firigisi, nikaiweka katikati ya sahani peke yake, nikamwekea mapajani. Mume wangu alikuwa sebuleni anaingoja. Atajua mwenyewe.

"Mimi niko na meno manne," Senge akasema.

"Kula."

Aliishika kwa vidole viwili. Akainusa. Akatazama mlango, kweli alitazama mlango, mjane wa miaka karibu themanini, kuona kama kuna mtu anakuja. Kisha akaitia mdomoni akatafuna, upande huu, upande ule, macho ameyafumba, na mimi nimesimama juu yake na mwiko, nje yule mweusi akiwaita watoto wake chini ya tenga. Alitafuna kwa muda mrefu. Mwishowe akaitoa, akaiweka kwenye kiganja, akaitazama kwa makini kule kwenye mwanga wa moto.

"Nekesa," akasema. "Yaani ni hii tu?"